Maswali yenu: Miaka 14 kwenye dawa, je virusi vimeshazizoea?

Mwezi huu sichanganyi mada. Nimekaa na meseji zenu zaidi ya wiki nzima, na nyingi zinauliza kitu kilekile, mtu kakaa miaka mingi kwenye ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya VVU (virusi vya UKIMWI), vipimo vizuri, anajisikia mzima, lakini moyoni ana wasiwasi kwamba kirusi nacho hakijalala tu, kipo mle ndani kinazisoma dawa taratibu na ipo siku kitazishinda. Nimechagua maswali sita. Mengine nimejibu kwa urefu, mengine kwa ufupi, na aliyepata jibu fupi asidhani simjali, ni kwamba jambo lake lenyewe halina maneno mengi. Majina nimeyaondoa yote.

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 14 kwenye dawa, na vipimo vyangu vya miaka yote ya karibuni vinasema virusi havionekani. Kwenye kikundi chetu kuna mama mmoja anasema virusi huwa vinazoea dawa kama mwili unavyozoea dawa za maumivu, kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa lazima ubadilishiwe la sivyo unakufa huku unameza. Tangu nisikie hivyo silali vizuri. Na kweli 2019 nilibadilishiwa dawa na sikuambiwa sababu. Je ndo vilikuwa vimezoea?

JIBU: Marahaba dada yangu. Naanza na jibu lenyewe ili leo ulale: hapana, havijazoea, na kwa vipimo unavyonieleza hakuna dalili kwamba vinaelekea huko. Sasa nikueleze kwa nini, maana kuambiwa tu "usiogope" hakujawahi kumtoa mtu hofu.

Miaka kupita peke yake haivibadilishi VVU. Vinabadilika pale vinapojinakili, kwa sababu vinajinakili vibaya. Kirusi kinabeba maelekezo yake yote kwenye uzi wa herufi kama 9,700 hivi, na kikishaingia kwenye seli ya CD4, yaani seli nyeupe ya kinga ya mwili, kinatumia kimeng'enya chake chenyewe (protini inayofanya kazi ya kunakili) kuugeuza uzi huo kuwa DNA, halafu kinaipachika ndani ya DNA ya seli. Kimeng'enya hicho kina haraka na hakirudi nyuma kusahihisha. Kwa wastani kinakosea herufi moja katika kila 30,000 hivi, ukipiga hesabu na urefu wa uzi unakuta katika kila nakala tatu moja ina kosa. Unaweza kuona ni kidogo, ila weka na idadi: hesabu zilizofanywa 1995 na 1996 zilionesha mtu ambaye hajaanza dawa anatengeneza virusi kama bilioni 10 kwa siku. Siku moja tu hiyo. Maana yake kila herufi kwenye ule uzi inakosewa sehemu fulani mwilini mara nyingi ndani ya masaa 24, kwa hiyo kirusi chenye kosa linalokikinga na dawa fulani kinaweza kuwa kipo tayari kabla hata hiyo dawa haijamezwa. Hakijajifunza chochote, kimetokea kwa bahati tu, na kikikutana na dawa moja iliyo peke yake basi wenzake wanazuiwa na chenyewe kinabaki kinajaza nafasi.

Hiyo ndo ilikuwa historia ya AZT, dawa ya kwanza ya VVU. Iliruhusiwa 1987, ikawa inatolewa peke yake, watu wakapata nafuu kwa muda halafu wakarudi kulekule, na kufikia 1989 maabara zilikuwa zimeshaonesha kwamba virusi vya watu hao dawa haiviwezi tena kama mwanzo. Nadhani hofu ya yule mama imetoka huko na simlaumu hata kidogo, kwa watu wa kizazi kile ilikuwa kweli tupu na walizika ndugu zao. Mambo yaligeuka 1996 dawa zilipoanza kutolewa tatu kwa pamoja, kila moja inakizuia kirusi kwa namna yake. Sasa ili kipenye inabidi kiwe kimekosea herufi kadhaa, tena zilezile zinazotakiwa, zote kwenye uzi mmoja, na hapo hata bilioni 10 kwa siku hazitoshi. Halafu kuna hili ambalo watu hawaelezwi: dawa zikiwa za kutosha kwenye damu, kirusi hakipati seli mpya ya kuingia na kujinakili, na kisipojinakili hakina pa kukosea. Wewe miaka 14 umekinyima hiyo nafasi kila siku.

Mfano wa dawa za maumivu uache kabisa. Kule kinachozoea ni mwili wako wewe, seli zako zinapunguza kuitikia dawa. ARV kazi yake ni kwa kirusi, mwili wako ukizoea kidonge shida inayopungua ni kichefuchefu.

Kuhusu 2019, mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri iwe dawa ya kwanza ya kuchagua, na watu wengi sana wakahamishwa wakiwa wazima kabisa kama wewe. Nahisi ulikuwa unatumia mchanganyiko wenye efavirensi au nevirapini. Zile zilikuwa na udhaifu mmoja, kosa la herufi moja tu lilitosha kuziangusha. Kuna sehemu ya kile kimeng'enya inaitwa namba 103, herufi moja ikigeuka pale efavirensi na nevirapini zote mbili zinaishiwa nguvu. Dolutegraviri haianguki kirahisi hivyo. Kwa hiyo walikuhamisha kutoka dawa nzuri kwenda nyingine ngumu zaidi kushindwa, na kwa kweli wangekuambia hivyo siku ileile, wangekuepusha na usiku mwingi wa kukosa usingizi.

SWALI: Dokta mambo, mi ni kijana wa miaka 27 nilizaliwa nao. Naomba kujua kama kipimo kinasema havionekani miaka yote hii sasa mtu akiacha dawa vinarudi vinatoka wapi?? Na vikirudi vinakuwa vilevile vya mwanzo au vinakuwa vimeshabadilika vikawa vikali zaidi, rafiki yangu aliacha mwezi mmoja tu vikarudi

JIBU: Salama mwanangu. Swali lako ndo limewanyima usingizi watafiti tangu 1997.

Nimesema hapo juu kirusi kinajipachika ndani ya DNA ya seli. Seli nyingi zikishaambukizwa na kuanza kuzalisha virusi zinakufa ndani ya siku moja au mbili. Ila zipo chache, za aina ya CD4 zinazotunza kumbukumbu, yaani zile zinazokumbuka magonjwa uliyowahi kuugua na chanjo ulizochomwa, zinaambukizwa halafu zinapumzika, na zikipumzika kirusi nacho kinanyamaza. Hakitengenezi kitu. Dawa haina cha kushika kwa sababu dawa tulizonazo zinakikamata kikiwa kazini, na kinga ya mwili haikioni kwa sababu hakuna alama yoyote inayojitokeza nje ya seli. Hayo ndo maficho. Timu tatu tofauti ziliyaonesha mwaka huo wa 1997 kwa watu waliokuwa wanatumia dawa vizuri, na habari hiyo iliumiza sana kwa sababu mwaka mmoja tu nyuma yake dunia ilikuwa inaongea habari za kupona kabisa.

Ni seli chache, katika CD4 milioni moja zilizopumzika kama moja hivi ndo yenye kirusi kizima kinachoweza kuamka. Ila zinadumu. Hesabu ya 2003 ilionesha maficho yanapungua nusu kila baada ya miezi 44, kwa mwendo huo ungemeza dawa zaidi ya miaka 70 ndo yaishe. Halafu 2023 ikatoka hesabu nyingine, ya watu waliokaa kwenye dawa miaka kama 22, na kwao kule kupungua kulishakoma kabisa, maficho yalikuwa yanaongezeka polepole mno, kwa mwendo wa kujirudia mara mbili kila miaka 23.

Najua hapo umeshtuka, yanaongezekaje wakati dawa zipo? Yanaongezeka kwa sababu seli zenyewe zinagawanyika. Chukulia seli inayokumbuka mafua, ukiugua mafua tena inaamshwa, inazaa wenzake mamia kwa ajili ya vita, na kama ilikuwa na kirusi kilichojipachika basi kila mtoto anazaliwa nacho. Tafiti za 2014 zilionesha hili waziwazi, walikuta seli nyingi za mtu mmoja zina kirusi kilichopachikwa mahali palepale kwenye DNA, bila kupishana hata herufi moja, na hiyo haiwezi kutokea kwa bahati, lazima zote ni uzao wa seli moja.

Sasa angalia hapo nani ananakili. Kirusi hakijafanya kazi yoyote, inayonakili ni mashine ya seli yako, na mashine hiyo ina utaratibu wa kurudi kukagua na kusahihisha. Ndo maana kirusi kilichofichwa kinaweza kukaa miaka 20 na herufi zake zikawa zilezile. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili, havijawa vikali zaidi. Kuna wanawake wa Afrika Kusini ambao damu yao ilikuwa inahifadhiwa tangu walipoambukizwa, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionesha virusi vilivyo mafichoni mwao vingi vinafanana na vile vilivyokuwa vinazunguka kwenye damu karibu na wakati walipoanza dawa. Vilivyorudi kwa rafiki yako kuna uwezekano mkubwa ni vya enzi hizo alipoanza kumeza. Mwezi mmoja wala sio haraka, kwa wengi ni wiki mbili mpaka tatu. Kuna mtoto wa Mississippi kule Marekani alianzishwa dawa akiwa na masaa 30 tu tangu azaliwe, baadaye dawa zikakatizwa, akakaa miezi 27 bila virusi kuonekana, watu tukaanza kuamini, na 2014 vikarudi. Seli moja iliyoamka inatosha.

Kuna kitu kinabadilika lakini kadri miaka inavyokwenda, na mimi kinanipa tumaini kuliko kingine chochote kwenye mada hii. Kwanza jua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya virusi vilivyopachikwa kwa mtu aliye kwenye dawa ni vibovu, vingine vimekatika kipande kikubwa, vingine vimeharibiwa herufi na kinga yako mwenyewe, haviwezi kuzaa. Na vile vichache vizima, kwa watu waliofikisha miaka kama 20 ya dawa, vinakutwa zaidi kwenye maeneo ya DNA ambayo ni kama jangwa, hakuna jeni zinazofanya kazi karibu, seli yenyewe imeyafunga. Kwa nini huko? Kwa sababu vilivyokuwa kwenye maeneo yenye shughuli vilikuwa vinaamka kidogo mara mojamoja, vinatoa alama, na kinga inavifuata inavimaliza kimoja baada ya kingine, mwaka hadi mwaka. Herufi zimebaki zilezile, kilichobadilika ni nani kabaki. Na wale watu wachache sana duniani wanaodhibiti VVU bila dawa yoyote, wao pia virusi vyao vizima vimekutwa vimejazana kwenye majangwa hayo. Sisemi uache dawa ujaribu, hakuna kipimo cha kawaida kinachoweza kukuambia vyako vimebaki wapi. Nasema kinga yako haijakaa bure miaka yote hiyo.

SWALI: Dokta nasoma sayansi ya maabara mwaka wa pili. Mwalimu wetu alitufundisha kuna utafiti wa 2016 ulioonesha VVU vinaendelea kubadilika kwenye tezi za limfu, zile zinazojaa seli za kinga, hata mtu akiwa anatumia dawa vizuri. Wewe unasema havibadiliki. Tumwamini nani?

JIBU: Utafiti huo upo kweli na mwalimu wako hajakosea kuutaja. Walichukua damu na tezi za watu watatu katika miezi 6 ya mwanzo ya dawa, wakaona herufi zinabadilika kadri muda unavyokwenda, wakasema dawa haifiki vya kutosha ndani ya tezi. Kuna hoja pale, kiwango cha baadhi ya dawa kwenye tezi ni kweli kinakuwa chini kuliko kwenye damu.

Shida iko kwenye hiyo miezi 6. Mtu akianza dawa, seli zilizoambukizwa zinakufa kwa zamu, za maisha mafupi zinaondoka kwanza, zinabaki za maisha marefu zilizoambukizwa zamani. Ukipima mwezi wa kwanza na wa sita unakuta virusi viwili tofauti unadhani kimoja kimezaa kingine, kumbe umeangalia makundi mawili ya seli. Waliofuatilia watu kwa miaka mingi, wakiwemo watoto walioanzishwa dawa mapema, hawakuona herufi zikiongezeka tofauti. Linganisha na mtu asiyetumia dawa, kwake jeni ya ganda la nje la kirusi inajitenga na ilivyokuwa mwanzoni kwa karibu asilimia 1 kila mwaka, ukichora mti wa ukoo unaona matawi yanarefuka mwaka hadi mwaka. Kwa mwenye dawa za kutosha matawi hayarefuki. Mimi nimesimama upande huo na watafiti wengi wako huko, ila wewe bado kijana, kasome hoja za pande zote mbili kwa macho yako.

SWALI: Habari dokta mimi ni mama wa watoto wawili, nameza dawa kila siku saa mbili usiku sijawahi kuruka hata siku ya msiba. Lakini kipimo changu kila mara kinakuja na namba ndogo, mara kopi 78 za virusi kwa mililita ya damu, mara 64, mara 91. Wenzangu wote wanaambiwa havionekani. Kule ninakochukulia dawa niliambiwa mbele za watu kwamba natega dawa na nitatengeneza virusi sugu nije niwaambukize wengine. Nililia njia nzima.

JIBU: Pole sana mama. Kwanza hayo uliyoambiwa hukustahili, na hata kama ungekuwa umeruka dozi kweli yangepaswa kusemwa mmekaa wawili mlango umefungwa.

Nikuambie kinachoweza kuwa kinatokea. Dawa zinazuia kirusi kuambukiza seli mpya, ila seli ambayo tayari ina kirusi ikiamka, dawa haiwezi kuizuia kutoa virusi nje. Vinatoka, vinaingia kwenye damu, vinakosa pa kwenda vinakufa. Sasa kama mwilini mwako kuna uzao mkubwa wa seli moja, kama nilivyomweleza kijana hapo juu, kila siku baadhi zinaamka na damu inakuwa na virusi vichache wakati wote. Hili sio la kubahatisha, 2020 kuna utafiti uliochapishwa kuhusu watu wa namna yako kabisa, wanameza vizuri na virusi vidogo haviishi, na walipovisoma herufi wakakuta vinafanana vyote na vinatoka kwenye uzao huohuo, usugu haukuwa ndo sababu. Kubadilishiwa dawa kwa watu hao hakusaidii kwa sababu dawa haikushindwa.

Kabla ya kusema ni hilo, kuna vitu vya kukagua. Kama unatumia dolutegraviri, dawa za kiungulia zenye magnesi au aluminiamu zinaishika tumboni isiingie kwenye damu, kwa hiyo meza dolutegraviri masaa 2 kabla yake au masaa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu navyo vinaishika, ila hivyo unaweza kumeza pamoja mradi uwe umekula. Na kama umewahi kuanzishwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, dolutegraviri inatakiwa imezwe mara mbili kwa siku badala ya moja. Watu wengi hawaambiwi haya. Kagua, mwambie mhudumu wako, kipimo kirudiwe kwa utaratibu wa kliniki yenu. Namba ikianza kupanda, mia mbili, mia tano, hapo ndo inakuwa habari nyingine.

Na hilo la kuambukiza wengine, Shirika la Afya Duniani lilishasema 2023, mtu ambaye virusi vyake havionekani hawezi kumwambukiza mwenza wake kwa ngono, na mwenye virusi vinavyoonekana lakini havizidi kopi 1,000 uwezekano wake ni karibu na sifuri. Wewe una 91. Ukihitaji, kata kipande hiki cha gazeti uende nacho.

SWALI: Dokta mi nilipata matatizo ya kikazi nikasafiri nikaishiwa dawa nikakaa miezi kama 2 na nusu, niliporudi nikaanza tena ila nikawa nameza leo naacha kesho mambo hayajakaa sawa, kipimo kikaja kopi 24,000. Wakanipima usugu wakanipa karatasi imeandikwa M184V. Hakuna aliyenieleza. Nimekwisha?

JIBU: Hujakwisha kaka, na asante kwa kusema ukweli wote, maana wengi wanaficha hiyo sehemu ya leo nameza kesho naacha na ndo sehemu yenye maana kubwa zaidi.

Tusome karatasi yako pamoja. 184 ni nafasi kwenye kile kimeng'enya cha kunakili, kimeng'enya ni mnyororo wa vipande na hicho ni cha 184. M ni jina la kifupi la kipande kinachotakiwa kuwepo pale, V ni kilichokutwa. Kwenye uzi wa kirusi kipande M kinaandikwa kwa herufi ATG, chako kimeandikwa GTG. A imekuwa G. Herufi moja katika 9,700, na lamivudini, mojawapo ya ARV, ikaishiwa nguvu nyingi.

Ilivyotokea ni hivi. Ile miezi miwili na nusu ya kutomeza kabisa, virusi viliamka vikajinakili na makosa yakaanza upya, ila hapakuwa na dawa ya kuchagua nani abaki. Uliporudi ukawa unameza kwa kuruka, dawa ikawa ipo kidogo kwenye damu, inavizuia vya kawaida lakini haitoshi kufunga mlango, na chenye GTG kikapita. Hali hiyo ya kati ndo mbaya kuliko zote. Enzi za efavirensi ilikuwa mbaya zaidi, ile dawa inakaa mwilini muda mrefu kuliko wenzake, mtu akiacha zote siku moja wenzake wanaisha mapema yenyewe inabaki peke yake siku nyingi, ni kama kumrudisha mtu enzi za AZT.

Sasa habari nzuri. Kosa hilo la 184 linakigharimu kirusi chenyewe, kinajinakili kwa shida kuliko cha kawaida, na tenofoviri, ARV nyingine, inakipiga vizuri zaidi ya mwanzo. Ndo maana daktari anaweza kukuacha na lamivudini na usione ni uzembe. Halafu kuna utafiti unaitwa NADIA, uliofanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe na kuchapishwa 2021, kwa watu ambao dawa za mwanzo zilishawashinda, wengi wakiwa na M184V kama yako. Walipopewa dolutegraviri pamoja na tenofoviri na lamivudini wengi sana virusi vyao vilishuka vizuri. Kwenye karatasi yako ulivyoniandikia sioni kosa la dolutegraviri, hakikisha tu kwamba kipimo kiliangalia na upande huo, maana wakati mwingine wanaangalia upande mmoja.

Sitakuficha na upande wa pili. Dolutegraviri nayo inaweza kushindwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 ilitaja usugu wa dolutegraviri wa kati ya asilimia 3.9 na 8.6 kwenye tafiti zilizokusanywa, na ukafika 19.6 kwa watu waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa na virusi vingi mwilini. Wewe una 24,000 sasa hivi, uko kwenye hatari ya namna hiyo, kwa hiyo miezi mitatu ijayo ina uzito kuliko kitu chochote ulichofanya nyuma.

Na hiyo karatasi itunze maisha yako yote. Nakuambia hivi kwa sababu baadaye kipimo kingine kinaweza kuja kisioneshe M184V ukadhani imefutika. Haijafutika. Mtu akiacha lamivudini, virusi vya kawaida vinakimbia haraka kuliko vile vyenye kosa, vinajaza damu, na kipimo cha kawaida hakioni kundi lililo chini ya asilimia 15 au 20. Lakini nakala zenye GTG zimeshaingia mafichoni zimelala pamoja na nyingine. Daktari wa miaka 10 ijayo akikupangia dawa bila kujua hilo anaweza kukupa mchanganyiko wenye mguu mmoja. Piga picha hiyo karatasi, iweke kwenye simu, na nyingine mpe mtu unayemwamini.

Kuhusu safari, siku nyingine dawa zikikaribia kuisha nenda kituo chochote cha karibu na ulipo ueleze, usisubiri mpaka urudi. Na ukiona huwezi kumeza kila siku kwa sababu ya mambo ya kazi, liseme wazi kliniki, tatizo la ratiba linatatulika.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 68, nipo kwenye dawa tangu 2004. Kama virusi vimelala na havibadiliki, siwezi kumeza siku moja na kuruka moja ili nipumzishe figo?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hapana, naomba sana usifanye hivyo kwa kujipangia mwenyewe. Vimelala kwa sababu dawa ipo, na kila siku kuna seli chache zinazoamka kama nilivyomweleza mama hapo juu, siku ambayo dawa imeshuka ndo siku ambayo zilizoamka zinapata pa kwenda. Halafu umeanza 2004, inawezekana umepitia dawa nyingi za zamani na una nakala za usugu mafichoni ambazo hata wewe huzijui.

Ila hofu yako ya figo ni ya haki, tenofoviri ya aina ya zamani inaweza kuzisumbua hasa kwa mtu wa umri wako. Omba upimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonesha figo zinavyofanya kazi. Ikionekana zimeanza kuchoka zipo njia za daktari kukubadilishia, kuna aina mpya ya tenofoviri iliyo laini zaidi kwa figo, na kuna mchanganyiko wa dawa mbili tu, dolutegraviri na lamivudini, ambao kwa baadhi ya watu unafanya kazi sawa na wa dawa tatu. Huo wa dawa mbili hawapewi wenye usugu wa lamivudini, wala wenye homa ya ini aina ya B, kwa hiyo ukienda nenda na kadi zako zote za zamani, hata zile zilizochakaa, daktari aone dawa ulizotumia tangu 2004.